Nimeelewa, Safi Sana

"Unakwenda kumwona nani Nyakahura?" mama yake aliuliza, ingawa alijua.

Joyness Bartholomayo alikuwa ameketi kizingitini akifunga kamba za viatu. Vilikuwa viatu vya Ayalandi, vizito, vya kukanyagia mvua ya huko isiyoisha. Ilikuwa siku yake ya nne tangu arudi Bugarama, na bado hakuwa amefungua sanduku lote.

"Namwona Wiston, mama."

"Wiston yupi? Maana yule aliyekuja hapa na wazee wake, akakaa kwenye kiti changu, akanywa rubisi yangu, akasema atakungoja, huyo sijamwona mwaka sasa. Na Jumamosi wazee wake wanakwenda Runzewe kumposea binti mwingine. Anaitwa Nshoma. Hata jina nimelipata. Wewe ulikuwa hulijui?"

"Nimelijua juzi. Juvenali aliniambia."

"Basi. Kilichobaki cha kuuliza ni nini?"

Mama Rozina hakuwa mtu wa kuzunguka. Mwanzoni hakumtaka Wiston hata kidogo. Watu wa ng'ombe, alisema, leo wako Biharamulo, kesho malisho yakikauka wanahama, na mwanangu atafundisha nani huko porini, ndama? Lakini alipokubali, alikubali kweli. Alikuwa ameshaanza kumwita yule kijana wa Kisukuma "mwanangu." Ndiyo maana sasa alikuwa na hasira ya mtu aliyejikwaa mlangoni pake mwenyewe.

"Nataka anieleze kwa mdomo wake," Joyness alisema.

"Akishakueleza?"

"Nitarudi."

"Urudi mapema. Na ule kwanza."

Hakula. Alichukua mkoba wake akatoka, na mama yake akamfuata nyuma hadi mwisho wa migomba, akasimama pale mpaka binti alipopotea kwenye kona. Hata akiwa amekasirika, Mama Rozina hakumwacha mtu aondoke kwake bila kusindikizwa.

*

Joyness alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na kwa miaka minne alifundisha lugha aliyokuwa anaogopa kuizungumza. Sarufi aliijua. Lakini akikutana na mgeni barabarani alivuka upande wa pili. Kwa hiyo parokia ya Ayalandi iliyokuwa na urafiki na parokia yao ilipotangaza nafasi ya mwalimu mmoja kwenda kuishi na kujifunza kwa miezi sita, aliomba akiwa anatetemeka, na akapata akiwa anatetemeka zaidi.

Huko aliishi kwa mjane mmoja aliyeitwa Maureen, katika mji mdogo kando ya bahari ya baridi. Asubuhi darasani na wanawake wa mataifa manane. Jioni nyumbani, kula, kuosha vyombo, kuzungumza. Jumamosi basi la shule liliwapeleka kwenye ngome za kale, makumbusho, masoko ya samaki, na kila safari walitakiwa kuwauliza watu wasiowajua maswali kumi. Kanuni ilikuwa moja na ilikuwa kali: tangu Jumatatu mpaka Jumamosi hakuna kusema lugha ya kwenu, hata kwenye simu. Jumapili tu ndiyo walifunguliwa midomo.

Na kila jioni kulikuwa na kazi ya nyumbani. Ujirekodi dakika tatu kwa Kiingereza, umtumie mtu wa kwenu.

"Mchague anayekupenda," mwalimu wao aliwaambia. "Asiyekupenda hatakusikiliza dakika tatu."

Joyness hakuhitaji kuchagua. Wiston Malongo alikuwa ameshamwambia kabla hajaondoka, akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa za mifugo, kifua mbele: "Nitumie mimi. Na mimi nina fomu foo. Tutajifunza wote." Na kweli, kila jioni alipotuma, jibu lilikuja lile lile. Nimeelewa. Safi sana.

Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomlaza usingizi miezi sita. Nyumba ya Maureen ilikuwa na saa ya ukutani inayogonga na paka asiyependa watu. Majirani walisalimiana kwa kuinua kidole. Siku nyingine Joyness alipanda kitandani akahesabu waliomwita kwa jina lake tangu asubuhi, akapata wawili, na mmoja alikuwa akiita mahudhurio. Halafu simu ilitikisika juu ya godoro. Nimeelewa. Safi sana. Akajua kuna mtu duniani anayesikia.

*

Nyakahura ilikuwa siku ya mnada. Ng'ombe walikuwa wamejaa upande wa chini, vumbi limesimama juu yao, na barabara kuu ilikuwa imezibwa na bodaboda na matenga ya nyanya. Joyness aliposhuka tu kwenye gari, sauti ilimpiga kutoka kwenye mikungu ya ndizi.

"Eh! Mwalimu! Si ni binti wa Rozina huyu?" Alikuwa Mukeshimana, mama wa kijiji cha Mabawe, Mhangaza mwenzake, aliyeleta ndizi hapa kila mnada. Akisema jambo, lilisikika mpaka kwa wachinjaji. "Mbona umekonda hivyo? Huko wazungu hawapiki?"

"Shikamoo mama. Wanapika viazi."

"Marahaba. Viazi tu! Mungu wangu. Na unakwenda wapi na uso huo?" Alitazama upande wa duka la dawa, akamtazama tena Joyness, akapunguza sauti, ambayo kwake ilikuwa sauti ya kawaida ya watu wengine. "Haya. Nenda. Mimi sijaona kitu."

Duka lilikuwa na mlango wa bluu. Ndani kulinukia dawa ya kuogeshea mifugo. Wiston alikuwa amemwinamia mzee mmoja aliyevaa koti la mvua, akimwonyesha kwa kidole kiasi cha dawa kwenye bomba la sindano. Aliinua kichwa. Bomba likabaki hewani.

Alikuwa vile vile. Mabega yale, kovu dogo la pembe kwenye nyusi ya kushoto. Tofauti ilikuwa macho tu. Zamani yalimkimbilia. Leo yalisimama mbali kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

"Umefika," alisema.

"Nimefika."

"Lini?"

"Jumapili. Nilidhani ungesikia."

"Nilisikia."

Mzee mwenye koti alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Dokta, ndama wangu anaharisha."

"Naam, Mzee Ngeleja. Mililita tano. Asubuhi tu, usimpe jioni."

"Shikamoo baba," Joyness alisalimia.

Mzee alifungua mdomo kuitikia, akaufunga. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza kitu cha mbali. "Rudia, mayu."

"Shikamoo."

"Marahaba! Aisee! Ni yeye, Dokta, siyo? Yule wa kwenye simu!" Alipiga kaunta kwa kiganja. "Binti, sisi tunakufahamu! Mwanzoni nilijua ni redio. Kila jioni nikija hapa huyu amekuinamia, Kiingereza kinateremka tu, na akikuwasha hauzi. Utaita mpaka uchoke. Mke wangu alisema, yule bwana akifiwa na ng'ombe wote hatajua, ilimradi simu ina chaji."

"Mzee Ngeleja," Wiston alisema taratibu, "ndama atakufa."

"Nakwenda, nakwenda." Mzee alichukua dawa yake. Mlangoni aligeuka. "Lakini sauti nzuri. Hatuelewi kitu, lakini nzuri. Wabeja, asante."

Aliondoka.

"Hatuelewi kitu," Joyness alirudia. "Yeye na nani?"

Wiston alianza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Wiston. Yeye na nani?"

"Ulikuja kuniuliza hilo?"

"Nilikuja kukuuliza kuhusu Jumamosi. Nilikuja kukuuliza kwa nini miezi minne hupokei simu yangu. Nilikuwa nimeyapanga yote njiani. Lakini sasa nataka hilo kwanza."

"Jumamosi wazee wanakwenda Runzewe. Mzee wangu amesema nimefika thelathini na moja, hawezi kungoja mwanamke wa ndege. Amepata binti wa watu anaowajua. Ndiyo hivyo."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini, Joy? Mchumba wangu aliondoka kwa miezi sita. Ilipoisha akajiongezea mwaka. Hakuniuliza hata kidogo. Nimekuja kuambiwa na mdogo wako Juvenali, hapa hapa, amekuja kununua dawa ya kuku. Ananipongeza! Ananiambia shemeji, hongera, dada ameongezewa mwaka. Nikasema asante. Nikampa dawa ya kuku. Nikafunga duka."

Joyness aliweka mkoba wake juu ya kaunta polepole. "Sikukuuliza?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza kabla sijamwuliza mama yangu. Nilikuuliza kabla sijamwambia padri. Na wewe ulinijibu."

"Nilijibu lini?"

"Toa simu."

"Joy..."

"Toa simu, Wiston. Najua huzifuti. Huyo mzee ameshanisimulia."

Aliitoa. Ilikuwa simu ile ile yenye kioo kilichopasuka pembeni. Na hakuwa amefuta kitu. Joyness alipandisha kwa kidole, zikapita sauti zake, moja kwa kila jioni, na chini ya kila moja maneno yale matatu. Aliendelea kupandisha mpaka akaifikia Jumatano moja ya mwezi wa tatu. Akabonyeza.

Sauti yake ilijaza duka. Ilikuwa ya chini, imebanwa na mafua, na nyuma yake saa ya Maureen iligonga. Wiston aliinamisha kichwa mara moja, jinsi anavyofanya mtu anayeujua wimbo.

"Hii siku ulikuwa umelia," alisema.

"Umejuaje?"

"Nilijua tu. Zote najua. Hii ulikuwa umelia. Ile ya juu yake ulikuwa umekula kitu ukiwa unasema. Kuna moja ulikuwa unatembea kwenye upepo."

"Na nilikuwa nasema nini?"

Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya mnada.

"Nilikuwa nasema nini, Wiston?"

"Sijui."

"Hata hii?"

"Hata moja." Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki. "Wiki ya kwanza nilishika neno hapa na pale. Chakula. Mvua. Halafu ukawa unakwenda mbio, na kadiri ulivyokuwa bora ndivyo nilivyobaki nyuma. Kila siku ulizidi kwenda mbali, na mimi nakuandikia safi sana."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishasema na mimi nina fomu foo."

"Ungemwuliza mtu basi!"

"Nani? Mwalimu mkuu? Padri? Nimpe simu nimwambie, samahani, hebu nisikilizie mchumba wangu ananiambia nini? Hapa Nyakahura? Jioni hiyo hiyo ingefika kwa mzee wangu kwamba mwanawe anasemeshwa lugha asiyoijua na bado anatikisa kichwa."

Joyness alitamani kucheka, na alipofungua mdomo kikatoka kitu kingine. Alijifuta uso kwa kanga. Akarudisha ile sauti mwanzo, akaiwasha tena, akaisimamisha kila baada ya sentensi, na akaisema kwa Kiswahili jinsi anavyofanya darasani.

"Wiston, leo nimetembea peke yangu kando ya bahari mpaka miguu ikafa ganzi." Akabonyeza. "Wameniomba nibaki mwaka mmoja, nisomee kuwafundisha walimu wenzangu." Akabonyeza. "Natakiwa kujibu Ijumaa. Nataka kubaki na nataka kurudi, vyote viwili, na nimeshindwa. Kwa hiyo nakuachia wewe." Hapo alisimama kidogo. "Ukisema rudi, nitarudi, na sitakulaumu hata siku moja. Ukisema baki, nitabaki, kwa sababu nitajua unanisubiri. Usinijibu haraka. Fikiri kwanza."

Chini yake, kwenye kioo, yalikuwapo maneno matatu.

"Baada ya dakika nne," Joyness alisema. "Dakika tatu za kusikiliza, moja ya kufikiri. Nilikaa kitandani nikalia. Nikasema, mwanaume gani huyu mwenye moyo mpana hivi. Hata hakusita."

Wiston alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Nilikuwa nachoma sindano ng'ombe," alisema. "Nakumbuka. Lusahunga, kwenye chanjo. Nilipanda kichuguu kutafuta mtandao ili nikusikie tu. Nikasikia umelia. Nikajisemea, leo sitamwambia sijaelewa, atazidi kulia."

"Jumapili nilikupigia. Ilikuwa imezimwa."

"Tulikuwa bado porini."

"Jumapili iliyofuata ulipokea ukasema, nimesikia unabaki, sawa. Nikajua sawa ni sawa."

"Ningesema nini? Nilishaachwa."

Walitazamana. Kaunta ilikuwa na upana wa mkono mmoja, na kila mmoja alibaki upande wake.

"Na zako?" Joyness aliuliza. "Baada ya hapo ukaanza kunitumia sauti za Kisukuma. Nilipenda. Nilidhani unanitania, unanilipizia Kiingereza changu. Nilikuwa nazisikiliza kitandani mwanga umezimwa. Nilikurudishia kopa nyekundu. Zilikuwa zinasema nini?"

"Hukumwuliza mtu?"

Joyness aliitazama ile simu juu ya kaunta. Ilikuwapo familia moja ya Kitanzania katika mji wa jirani. Mama wa pale alikuwa Msukuma wa Magu. Joyness aliwahi kula ugali kwake mara mbili. Ingekuwa rahisi. Lakini aliona aibu. Alidhani ni maneno ya chumbani.

"Zote zilikuwa zinasema jambo moja," Wiston alisema. "Rudi. Kwa namna nyingi, lakini rudi. Nilishindwa kulisema kwa Kiswahili, ungenielewa, halafu ungekataa. Nikalisema kwa lugha ya mama yangu. Wewe ukaleta kopa. Nikasema rudi, kopa. Rudi, kopa. Nikajua unanicheka. Nikaacha."

Mteja mwingine alichungulia mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi zake.

"Sasa unajua," Joyness alisema hatimaye. "Sikukuacha. Jumamosi bado haijafika. Yule binti hajaletewa neno lolote, hajaharibiwa jina. Ukinyamaza mpaka Jumamosi ipite itakuwa ni kumchezea mtoto wa watu, na mimi sitaki kumjengea mtu nyumba juu ya mgongo wa mwingine. Kwa hiyo ni leo au basi."

Wiston alitazama nje, upande wa mnada. Baba yake alikuwa huko, Mzee Malongo, na madume wawili wa kuuza. Wajomba wa Nshoma walikuwa huko pia, walikuwa wamekuja tangu asubuhi kuona ng'ombe.

"Nipe muda nifikiri," alisema. "Nitakupigia."

"Utanipigia."

"Watu wao wamejaa hapa, Joy. Wakituona pamoja... Leo siwezi hata kukusindikiza. Nisamehe."

Joyness alichukua mkoba wake. Alitoka kwenye mlango wa bluu peke yake.

*

Kwao Bugarama hata mgeni asiyependwa husindikizwa. Unamtoa nje, unatembea naye, mnazungumza yale mliyosahau ndani, na mahali pa kuagana hapako mlangoni. Mgeni anayeachwa mlangoni anajua maana yake. Siku ya kuondoka Ayalandi, Maureen alimkumbatia kizingitini kwa mapenzi ya kweli kabisa, kisha akafunga mlango kwa sababu ya baridi, na Joyness akaburuta sanduku lake mpaka getini akisikia kitasa kikigeuka nyuma yake. Alijiambia: si kosa lake, hawajui. Nikifika nyumbani nitasindikizwa mpaka nichoke.

Sasa alikuwa nyumbani, na alitembea mita mia kutoka dukani hadi stendi bila mtu ubavuni. Ng'ombe walisikika, watu walicheka, muuza mitumba alimwita shemeji. Hakuwahi kuwa peke yake kiasi hicho hata kando ya ile bahari.

Aliketi kwenye benchi la ubao kungojea gari la Kahama liendalo Ngara. Kando yake bibi mmoja mnene alikuwa akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye beseni.

"Kaa vizuri, mjukuu wangu. Gari bado."

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi Tecla. Nani amekuliza?"

"Vumbi."

"Vumbi la huku lina majina," Bibi Tecla alisema, akaendelea kupanga michembe yake.

Simu ikatikisika. Sauti. Kutoka kwa Wiston. Joyness aliiweka sikioni, na ilikuwa Kisukuma, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Dakika mbili na zaidi. Aliisikiliza mara moja, akaisikiliza tena, na alisikia alichokuwa akisikia siku zote: pumzi, kusita, jina lake. Angeweza kurudisha kopa. Kidole kilikuwa tayari.

"Bibi," alisema, "wewe ni Msukuma?"

"Kwani naonekana Mzungu?"

"Nisikilizie hii. Uniambie inasema nini. Yote, usinifiche."

Bibi Tecla alijifuta mikono, akashika simu kama yai. Alisikiliza akitazama beseni lake. Katikati alisema, "Mh." Karibu na mwisho alisema, "Mtoto wa watu huyu."

"Anasema nini?"

"Anasema yeye ni mwoga. Anasema usipoelewa ni sawa, amezoea kusema na ukuta. Anasema ungemwambia subiri mwaka, angesubiri, ungemwambia miwili, angesubiri, ila hakujua kama anaambiwa. Anasema usiku wa kuamkia leo amekaa macho, kwa kuwa alijua utakuja. Hajui kama umekuja kumtaka au umekuja kuchukua vitu vyako uende. Anataka kukuuliza hilo, na kwa Kiswahili ulimi umekataa." Alimrudishia simu. "Basi. Mjibu. Ila usimjibu kwa huruma, wanaume wa hivyo wakionewa huruma wanaharibika."

Joyness alikaa na simu mapajani. Alifikiria Kiswahili, lugha ya shule na ofisi na sokoni, ambayo wote wawili waliivaa vizuri na wote wawili walijificha ndani yake. Alifikiria Kiingereza, akakiacha kipite. Kisha aliinua simu mdomoni akasema kwa Kihangaza, lugha aliyofundishwa na Rozina chini ya migomba, taratibu, bila kulia. Hakufikisha nusu dakika. Alipotuma, akaandika chini yake kwa Kiswahili:

"Leo usiniambie umeelewa. Tafuta Mhangaza akutafsirie."

Tiki mbili. Zikawa za bluu.

Hakuna kilichotokea. Jua liliupiga mlango wa bluu. Joyness alijua anachomwomba. Wahangaza katika mnada ule walikuwa wengi, lakini hakuna ambaye angesikia maneno yale akanyamaza. Kumpa mmoja wao simu ilikuwa sawa na kupanda juu ya meza ya mchinjaji na kutangaza.

Gari la Kahama likaja, likasimama na kelele zake. "Ngara, Ngara, Benako, Ngara! Dada, unapanda?"

"Nisubiri kidogo."

"Kidogo ya nani? Panda!"

Mlango wa bluu ukafunguka. Wiston alitoka. Akaufunga nyuma yake, akatia kufuli, siku ya mnada, saa za mauzo, na watu watatu waliokuwa wakija kununua wakasimama wakishangaa. Alivuka katikati ya matenga akiwa ameshika simu mbele yake. Akaipita meza ya nyanya. Akawapita vijana wawili wa Bugarama ambao wangemtafsiria kimya kimya pembeni. Akaenda moja kwa moja kwenye mikungu ya ndizi na kumpa Mukeshimana simu.

Joyness alisimama.

Mukeshimana aliweka simu sikioni. Akaziba sikio la pili. Akatulia, jambo ambalo Nyakahura haikuwahi kuliona. Halafu akapiga makofi, akanyoosha mkono akielekeza stendi, na sauti yake ikapita juu ya ng'ombe, juu ya injini, juu ya kila kitu.

"Anasema kama unamtaka, umsindikize! Mpaka Bugarama, mpaka kwa mama yake mlangoni! Anasema amechoka kutembea peke yake! Wewe Dokta, umesikia au nirudie?"

Watu waligeuka, wanunuzi, wachungaji, wenye bodaboda. Upande wa chini, wanaume wenye fimbo na kofia pana waligeuka pia, na mmoja wao, mrefu, mwenye ndevu za mvi, alishusha fimbo yake chini polepole. Mzee Malongo.

Wiston alisimama katikati ya macho yote hayo. Alimtazama Joyness kule benchi, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake hayakusubiri kukaribishwa. Kisha aliinua kiganja: ningoje. Akageuka, akampa mgongo, akaanza kuteremka kuelekea mnadani, kwa baba yake, kwanza akitembea, halafu akikimbia, mpaka vumbi la ng'ombe likamfunika.

"Dada, kwa mara ya mwisho. Unapanda au hupandi?"

"Sipandi."

Gari likaondoka. Joyness akakaa tena kwenye ubao, mkoba mapajani, macho kwenye vumbi ambalo halikuonyesha kitu. Hakuwa amewahi kumngoja mtu hivi, bila jibu, bila simu kutikisika, na watu wote wakimtazama.

Bibi Tecla alimsogezea beseni.

"Kula, mjukuu wangu," alisema. "Wazee wa ng'ombe hawaelewi mambo haraka."